Marika ya Kijiji na Mipango ya Huduma Zake

Kila jamii ina namna yake ya kuhesabu umri wa watu wake, na ya kugawanya kazi, haki na heshima kwa kufuata umri huo. Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe ni shahidi. Tunacho kichanga, tunaye mtoto, kigori, mwali, barobaro, mtu wa makamo, mzee, shaibu, ajuza na kikongwe. Maneno haya hayapimi miaka tu. Kila moja hutaja mahali pa mtu katika jamii: nani humlea, nani humtegemea, huketi wapi na husema lini. Tunayo pia maneno rika na hirimu, ambayo huwakusanya pamoja watu waliokua wakati mmoja. Katika insha hii twakusudia kuonyesha kwamba elimu hii ya marika, tuliyoirithi kwa wazee wetu, yahitajika leo katika kazi ambayo wengi huidhania kuwa ni ya wataalamu peke yao, yaani kazi ya kupanga shule, zahanati, maji na huduma nyingine za kijiji.

Wazee wetu hawakuwa na wizara ya mipango, lakini mipango walikuwa nayo, na msingi wake ulikuwa umri. Miongoni mwa Wamaasai, layoni huchunga ndama na mbuzi karibu na boma. Akishatahiriwa huwa morani, na kazi yake ni kulinda mifugo na kuipeleka mbali penye malisho na maji. Akivuka hapo huingia katika uzee, ambapo kazi yake ni kuamua mashauri. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela walikwenda mbali zaidi, wakajenga vijiji kwa marika. Mtoto wa kiume alipofikia miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akajiunga na wenzake wa hirimu moja kujenga vibanda pembezoni mwa kijiji. Mashamba ya baba zao waliendelea kuyalima, na chakula walikula kwa mama zao, wakienda kundi zima leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Walipooa, vibanda vile viligeuka kijiji kamili. Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana madaraka na ardhi ikagawanywa upya. Wachaga nao walikuwa na marika.

Hatusemi kwamba mambo hayo yote yalikuwa mema. Utaratibu wa marika uliwabana wanawake na vijana katika mengi, na uhaba wa ardhi uliuvunja ule wa Wanyakyusa katika karne ya ishirini. Tunalotaka msomaji alione ni jambo moja tu: katika jamii hizo hapakuwa na mtu mzima aliyeshindwa kueleza jamii yake ina vijana wangapi wa kufanya kazi, wazee wangapi wa kutunzwa, na watoto wangapi ambao kesho watadai ardhi. Hesabu hiyo ilikuwa kichwani mwa kila mmoja.

Dola ya kisasa huhesabu kwa sensa. Tangu Uhuru nchi yetu imefanya sensa sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hata hivyo, sensa nayo imelazimika kupiga hodi katika mlango wa utamaduni. Wananchi wengi, hasa wazee, hawakuandikiwa tarehe zao za kuzaliwa. Karani wa sensa alipomwuliza mzee umri wake, aliambiwa kwamba mama yake alimbeba mgongoni wakati wa njaa fulani, au kwamba Uhuru ulipopatikana alikuwa tayari amekwisha kuoa. Ndipo yalipotumika matukio ya kukumbukwa: Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ile njaa kubwa ya Ugogo iliyoitwa Mtunya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Uhuru wa 1961, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa kulinganisha maisha ya mtu na matukio hayo, miaka yake ilikadiriwa. Na mahali makadirio yalipofanywa bila matukio, kosa lake huonekana wazi katika majedwali: watu wenye miaka 40, 45, 50 na 60 hutokea kuwa wengi mno kuliko wenye miaka 41 au 59, kwa sababu mtu asiyejua umri wake hupenda kutaja namba inayoishia na sifuri au tano. Mwalimu wa hesabu aweza kuwafundisha wanafunzi wake somo zima kwa jedwali moja la namna hiyo.

Sensa hizo zimetuambia nini? Mwaka 1967 tulikuwa watu milioni 12.3. Mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7, yaani tumeongezeka mara tano katika miaka 55. Katika kila watu kumi waliohesabiwa mwaka 2022, zaidi ya wanne walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Na katika kila watu mia moja, wenye miaka 65 na kuzidi hawakufika watano. Mchoro wa umri wa taifa letu, ambao wanajiografia huuita piramidi, wafanana na nyumba ya msonge: chini pana, juu pamechongoka. Kwa taifa lenye umbo hilo, si ajabu kwamba madarasa, madawati na chanjo vimekuwa mbele katika kila mpango.

Lakini taifa ni kitu kimoja na kijiji ni kingine. Mwananchi haishi katika wastani wa taifa. Tuitazame mikoa miwili. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu milioni 1.64, na Mkoa wa Geita, uliokuwa umeanzishwa mwaka huo huo, ulikuwa na watu milioni 1.74. Mikoa hii ilikaribiana kama ndugu waliopishana kidogo. Miaka kumi baadaye, Kilimanjaro ulikuwa na watu milioni 1.86, na Geita milioni 2.98. Mmoja ulikuwa umeongeza watu laki mbili na kitu, na wa pili zaidi ya milioni moja na laki mbili. Huko Geita akina mama huzaa watoto wengi, na wahamiaji huingia kwa ajili ya dhahabu, uvuvi na mashamba. Kilimanjaro huzaa wachache, na vijana wake huondoka. Ndiyo sababu ni miongoni mwa mikoa ambayo wazee ni sehemu kubwa ya wakazi wake. Nani atasema kwamba mikoa hii miwili yahitaji mpango wa aina moja?

Sisi tunayasema haya kwa kuyaona. Tulizaliwa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na kazi ya ualimu ikatupeleka kusini ya Ziwa Victoria, katika sehemu ambayo leo ni Mkoa wa Geita. Huko tulifundisha darasa ambalo wanafunzi wa nyuma walisikia sauti ya mwalimu bila kuuona ubao vizuri. Watoto waliketi sakafuni, wengine wakasimama dirishani. Kila Januari wazazi walipofuatana na watoto wao kuja kuwaandikisha, mwalimu mkuu aliwatazama kwa furaha na kwa hofu pamoja. Kituo cha afya kilikuwa na msururu wa akina mama wenye watoto migongoni tangu alfajiri. Wazee walikuwapo, lakini walikuwa wachache, na kila mmoja alizungukwa na wana na wajukuu wa kumchotea maji na kumkatia kuni.

Tuliporudi nyumbani mlimani, tulikuta hali nyingine. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi mpaka vimekuwa vipande vidogo. Kwa desturi yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye abakiaye katika nyumba ya baba yake. Lakini siku hizi hata mtoto wa mwisho yuko Arusha, Dar es Salaam au ng'ambo. Katika kijiji chetu, shule ya msingi iliyokuwa na mikondo miwili katika kila darasa sasa ina mmoja, nao haujai. Asubuhi, njiani chini ya migomba, tunawapita zaidi wazee wenye mikongojo kuliko watoto wenye mikoba. Tukichora umbo la umri wa kijiji hiki hatupati msonge. Twapata mtungi uliobanwa kiunoni. Juu kuna wazee, chini kuna watoto kiasi walioletwa kulelewa na bibi zao, na katikati, mahali pa vijana na watu wa makamo, pamekonda.

Siku moja katika mkutano mkuu wa kijiji ilijadiliwa michango ya kujenga madarasa mawili mapya. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, mkutano huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, lakini waliohudhuria walikuwa zaidi wazee. Fedha kidogo za kuanzia zilikuwa zimekwisha tengwa na ofisi moja ya ngazi ya juu, na zilitengwa kwa madarasa tu. Mama mmoja mzee aliomba kusema. Alisimama kwa shida, akamwambia mwenyekiti: "Mwanangu, madarasa haya ni ya watoto wa nani? Wajukuu zangu wako Dar es Salaam, na huko nasikia wanabanana. Mimi niliyebaki hapa ndiye ninayeteremka mlima kwa mguu huu kufuata dawa ya presha, na kurudi ni jua kuzama." Watu walinyamaza. Mwenyekiti, kijana mwenye adabu, alimjibu: "Shikamoo, mama. Uliyosema ni kweli, lakini fedha zimekuja na jina lake." Darasa moja likajengwa. Leo humo huhifadhiwa magunia ya mahindi ya chakula cha shule. Mama yule alifariki kabla zahanati ya kijiji haijaanza kutoa dawa aliyokuwa akiifuata.

Hatulisimulii jambo hili ili kuwalaumu waliopanga madarasa. Taifa lilikuwa na kila sababu ya kujenga shule. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002, idadi ya wanafunzi wa shule hizo ilipanda kutoka milioni nne na kitu mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni saba mwaka 2005. Watoto hao walipomaliza walihitaji sekondari, ndipo zikaja shule za kata. Kisha ukafuata Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ukiwa na shabaha ya zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Mipango hiyo ilikuwa ya haki kwa kuwa ilimpa kila mmoja sehemu yake. Lakini haki ya kuwapa watu wote kitu kile kile si sawa na haki ya kumpa kila mmoja kinachomfaa. Kwa Wachaga, mnyama akichinjwa kila sehemu ya nyama ina mwenyewe kwa kufuata umri na udugu; hakuna anayemhesabia babu asiye na meno mfupa wa kuguguna, akadai kwamba amegawa kwa usawa.

Wapo wanaosema kwamba wazee ni wategemezi, na kwamba shilingi ya taifa yafaa itumike kwa watoto, ambao ni nguvu ya kesho. Fikira hiyo ina makosa mawili. Kosa la kwanza ni la utu. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu misingi ya Ujamaa, alieleza kwamba mzee wa zamani aliyeonekana ameketi bila kazi alikuwa ameifanya kazi yake kwa bidii katika miaka yote ya ujana. Anachokula mzee ni deni analolipwa. Kosa la pili ni la hesabu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ule uliwachukua hasa watu wa makamo, akina baba na akina mama wenye watoto wadogo. Nani aliwalea mayatima wale? Wengi wao walilelewa na bibi zao, ambao katika vitabu vya uchumi waliandikwa kuwa wategemezi. Mlimani kwetu nako, bibi ndiye anayempeleka mjukuu kliniki, ndiye anayetia sahihi katika daftari la shule, na ndiye anayepalilia kahawa. Zahanati yenye dawa ya bibi ni huduma ya mtoto pia.

Serikali zetu zimelitambua jambo hili. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, nayo humhesabu mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote waliotimiza miaka 70 pensheni, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama mzee huyo aliwahi kuajiriwa. Lakini sera huandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na utekelezaji hufanyika kijijini. Na kijijini ndiko ambako hesabu ya umri hukosekana.

Hesabu hiyo si ngumu, na wanafunzi wa sekondari waweza kuifanya. Takwimu zake nyingi zimekwisha andikwa: zahanati ina daftari la watoto waliozaliwa na waliochanjwa, shule ina rejesta, na mtendaji wa kijiji ana orodha ya kaya. Kwanza, wanafunzi wawagawe wakazi katika mafungu ya miaka mitano mitano, wanaume upande wa kushoto na wanawake upande wa kulia, kisha wachore umbo lake. Pili, wawaulize wazee umri wao kwa kutumia matukio ya mahali pale: mwaka wa mafuriko, mwaka lilipojengwa daraja, mwaka wa njaa fulani. Hapo watakuwa wamekusanya takwimu na historia ya kijiji kwa safari moja. Tatu, na hili ndilo kubwa, walisogeze umbo hilo mbele. Mtoto aliyechanjwa mwaka huu, kama Mungu atamjalia na wazazi wake wasihame, atagonga mlango wa shule miaka sita ijayo. Msichana wa miaka 13 yu karibu kuhitaji sekondari iliyo karibu au bweni lililo salama. Mtu wa miaka 55 atakuwa mzee baada ya miaka mitano, apende asipende. Mvua na bei ya kahawa hatuwezi kuzitabiri, lakini kila aliye hai mwakani ataongeza mwaka mmoja.

Kijiji kilicho na mchoro huo ukutani kitajadili kwa namna nyingine. Kule kusini ya Ziwa Victoria kitasema: tunahitaji madarasa, walimu wa awali, na wakunga, na baada ya miaka kumi tutahitaji kazi na ardhi kwa barobaro hawa wote, basi tuanze kufikiri leo. Kule mlimani kitasema: madarasa tuliyo nayo yatatutosha tukiyakarabati; tupate siku moja kila mwezi ya kliniki ya wazee hapa hapa, ngazi na kishikio katika njia ya mteremko, na bomba la maji karibu na nyumba za wale wasioweza tena kubeba ndoo. Mjini Dar es Salaam, ambako vijana wa mikoa yote wamekusanyika, mtaa utasema jambo la tatu. Katika kijiji chetu, walimu na wanafunzi walikwisha kulifanya zoezi hili, na mchoro wao ulisomwa katika mkutano mkuu mwingine. Safari hiyo wananchi hawakubishana nani apendelewe, walibishana juu ya namba zilizo mbele yao. Mwishowe chumba kimoja kiliongezwa katika zahanati kwa nguvu za wananchi wenyewe.

Yupo atakayeuliza: je, vijana walioondoka si wenyeji pia? Kila Desemba barabara za mlimani hujaa, nyumba zilizofungwa hufunguliwa, moshi hupanda, na mtu mgeni angedhani kijiji hiki kina vijana kuliko kingine chochote. Kweli, wale ni wana wa kijiji, na michango yao imejenga mengi. Lakini kwa kuwa wanakiona kijiji katika wiki moja ya sikukuu, mara nyingi huchangia kile kinachoonekana wiki ile, kama lango la kanisa au uwanja wa mpira. Hao nao wafaa waonyeshwe umbo la umri wa kijiji, wapate kujua baba na mama zao wanaishije katika majuma yale mengine 51.

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo iliwekwa na jamii ambazo wazee walikaa karibu na vijana wa kuyasikia maneno yao na kuyatenda. Sasa wazee wako mahali pamoja na vijana mahali pengine, na waliobaki wa kuwaunganisha ni walimu na wanafunzi, kwa kuwa wao huingia katika kila kaya na wana kalamu. Utamaduni wa taifa huishi katika ngoma na mavazi, na huishi vilevile katika namna tunavyojuana umri, tunavyopishana njiani, na tunavyogawana kilichopo. Basi mwalimu mmoja katika kila shule na achukue karatasi kubwa, awatume wanafunzi wake nyumba kwa nyumba, na mchoro watakaorudi nao autundike katika ofisi ya kijiji kabla ya bajeti ijayo kuandikwa.